Nilivyomhesabia Yaya Kalori

Siku tuliporudi kutoka Mbarara na karatasi ya daktari, yaya alikuwa na kilo tisini na sita. Kwetu Kivu ya Kusini, yaya ni dada mkubwa, na huyu wangu ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa na miaka tisa, mama yetu alipofariki. Sasa tunaishi pamoja Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Yeye huuza vitenge sokoni Base Camp, na mimi nafundisha hisabati katika shule ya msingi.

Daktari alimwambia mambo mawili. La kwanza, ana ugonjwa wa sukari, na vidonge atakavyomeza kila asubuhi vinataka chakula tumboni. La pili, apunguze uzito kwa mazoezi na arudi baada ya miezi miwili. Kama sukari itakuwa haijashuka, ataanzishiwa sindano. Yaya alilishika hilo la pili tu. Mama alianza sindano za sukari wiki chache kabla ya kufa, na kichwani mwa yaya ni sindano iliyomuua. Mara nyingi nilimweleza kwamba mama alifikishwa hospitali akiwa amechelewa, kwamba hakuna sindano ambayo ingemwokoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Mimi njo nilikuwa namushika mukono. Wewe ulikuwa mutoto."

Wiki hiyohiyo alikwenda kwa fundi wa simu pale sokoni akawekewa video za mazoezi. Ilikuwa video moja hasa aliyoipenda, ya dakika arobaini. Mwanamke mmoja wa kizungu, mwembamba, aliruka na kupiga teke na kurusha mikono ndani ya chumba kikubwa chenye sakafu inayong'aa, huku akihesabu kwa Kiingereza bila kuchoka. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na namba iliyopanda kadiri alivyoruka, na video ilipokwisha namba ilisimama kwenye mia nne na kumi na mbili.

Yaya hajui Kiingereza lakini namba anazijua vizuri sana. Aliniuliza ni namba ya nini. Nikamwambia ni kalori, yaani nguvu ya chakula ambayo mwili umeichoma. Akaniuliza sahani moja ya ugali na maharage ina ngapi. Nikatafuta katika kitabu cha lishe tunachotumia shuleni, nikajumlisha, nikamwambia karibu mia sita. Akaitazama simu.

"Kwa hiyo nikifanya hii kila siku, ni kama sikukula ile sahani?"

"Siyo yote. Lakini sehemu kubwa."

"Basi unifanyie hesabu. Unifanyie muzuri, kama unavyofanyia batoto ba shule."

Ningeweza kuishia pale. Lakini mimi ni mwalimu wa hisabati, na tangu tukimbie hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba hesabu kwa macho yale. Nikakaa na daftari. Nilijua kidogo kwamba mwili mzito hutumia nguvu zaidi kuliko mwili mwepesi kwa kazi ileile. Nikakisia kwamba yule mwanamke wa video ana kilo sitini. Nikachukua mia nne na kumi na mbili, nikazidisha kwa tisini na sita, nikagawanya kwa sitini. Nikapata mia sita hamsini na tisa. Nikaendelea, kwa sababu hesabu ilikuwa inakwenda vizuri: kilo moja ya mafuta ya mwili huhesabiwa kuwa karibu kalori elfu saba na mia saba, kwa hiyo katika wiki tatu atapungua karibu kilo mbili, hata asipobadili chakula.

Nilimsomea. Akaniambia nirudie namba, nikarudia. Kesho yake asubuhi niliamshwa na vishindo. Alikuwa amesukuma kitanda ukutani, amejifunga kikwembe kiunoni, anaruka mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye sufuria.

Nilimtazama asubuhi nyingi, nikinywa chai kabla ya kwenda shule. Niliona yote. Yule mwanamke aliporuka, yaya alinyanyua visigino tu. Aliposhuka mpaka chini, yaya aliinama kidogo, akishika goti la kulia linalomsumbua. Kila baada ya muda alisimama kuvuta pumzi, au kunywa maji, au kumjibu mtu dirishani, na namba kwenye kona iliendelea kupanda wakati yeye amesimama. Siku moja nilitazama saa yangu. Katika zile dakika arobaini, yaya alicheza dakika ishirini na mbili. Namba ya kwenye simu haikujua kama yupo. Ingefika mia nne na kumi na mbili hata chumba kikiwa kitupu.

Sikusema kitu. Alikuwa ananiuliza kila siku, akiwa anatiririka jasho, "Leo ngapi?" nami nilijibu, "Mia sita hamsini na tisa," na uso wake ulifunguka.

Baada ya wiki tatu tulikwenda kliniki ya Base Camp kupima uzito. Yaya alivua viatu, kitambaa cha kichwa, hata hereni. Mizani ikasema tisini na tano na nusu. Alishuka, akapanda tena. Ikasema vilevile.

Aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa anasubiri nimwambie kosa liko wapi, kama wanafunzi wangu wanavyosubiri. Nilijua kosa liko wapi. Nilijua tangu siku ile ya saa. Kulikuwa na muuguzi pale, na wanawake wawili kwenye foleni wanaotujua, na mmoja alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Nikasema, kwa sauti ya darasani, "Hesabu iko sawa, yaya. Labda unakula kuliko unavyofikiri."

Hilo ndilo nililosema. Nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na haliwi dogo.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Alianza kufanya video mara mbili kwa siku, asubuhi na tena akitoka sokoni. Chai akanywa kavu. Mchana aliniambia amekula sokoni, jioni aliniambia amekula mchana. Nilirudi nikakuta sufuria imeoshwa, nikaamini. Vidonge hakuviacha hata siku moja. Alivimeza asubuhi kwa maji, akiwa amesimama, kabla ya kuwasha simu.

Baada ya wiki ya sita mizani ilisema tisini na moja. Yaya alicheka peke yake njia nzima mpaka nyumbani. Nami, lazima niseme, nilifurahi kwa sababu yangu mwenyewe. Nilifungua daftari nikaona kwamba kwa video mbili kwa siku namba zangu zilikaribiana na mizani, nikajiambia kumbe sikukosea sana.

Lakini kulikuwa na vitu vingine nilivyoviona nikavipita. Alikuwa mkali ghafla, yeye ambaye wateja humfuata kwa upole wake. Mikono ilimtetemeka alipokuwa akifungua mkoba. Siku moja alimkatia mteja mmoja kitenge, akakikata upande mpaka kikawa hakifai, kisha akaketi chini ya meza akashindwa kueleza kilichompata. Niliposikia habari hiyo nilimwuliza. Akasema jua lilikuwa kali. Zilikuwa zimebaki siku nane kufika kwenye randevu ya Mbarara, siku ya kurudi kwa daktari, na alikuwa anazihesabu kwa sauti.

Jumanne ya wiki hiyo nilisahau madaftari ya darasa la sita nyumbani. Wakati wa mapumziko ya mchana nikarudi mbio kuyachukua. Nikiwa bado nje nilisikia sauti ya yule mwanamke wa video akihesabu kwa Kiingereza, moja mpaka nane, moja mpaka nane. Nilishangaa, maana saa hizo yaya huwa sokoni.

Mlango ulikuwa wazi. Yaya alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, miguu imenyooka. Nguo yote ilikuwa imelowa. Macho yake yalikuwa kwenye simu na mkono mmoja ulikuwa unapanda na kushuka polepole, kana kwamba bado anafuata. Nilimwita. Akanigeuzia uso, akatabasamu kwa namna ambayo sikuijua.

"Mama," aliniambia. "Minafika. Ungoje kidogo."

Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama mkono uliotoka kisimani. Nikapiga kelele ya kuita mtu.

Aliyekuja ni jirani yetu, mama wa Kirundi ambaye shamba lake la mahindi linapakana na ukuta wetu. Alipiga magoti, akamshika yaya shingoni, akamtazama machoni. Alitoka, na kabla sijajua la kufanya alikuwa amerudi na kikombe cha maji na mfuko wa sukari, anakoroga kwa kidole. Nikamzuia. Nilimkamata mkono kabisa, maji yakamwagika kwenye mkeka.

"Ana ugonjwa wa sukari!" nilimwambia. "Daktari alikataza. Utamuua."

"Mwalimu, nitazame," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mume wangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Mtu akitetemeka, akilowa jasho la baridi, akaanza kupotea maneno, sukari yake imeisha. Na huyu hajala."

"Amekula. Aliniambia amekula."

"Hajala tangu jana asubuhi. Chakula chake anawaletea watoto wangu. Wiki ya tano sasa. Aliniomba nisikuambie."

Bado nilikuwa nimeushika mkono wake. Nataka nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu haikuwa muda mrefu lakini niliusikia wote. Yule mwanamke wa video aliendelea kuhesabu. Yaya alianza kupiga miayo, mmoja baada ya mwingine, na kichwa chake kikawa kizito. Kama jirani alikuwa amekosea, ningemwua dada yangu kwa kikombe cha sukari. Kama alikuwa sawa, nilikuwa namwua hivi sasa kwa kushika mkono ule. Sikuwa na hesabu ya kunisaidia. Nikauachia.

Alimpaka sukari ndani ya mashavu kwanza, kisha akamnywesha kidogokidogo, akimkanda koo kwa kidole gumba ili ameze. Mimi nilikuwa nimekishika kichwa. Dakika zikapita bila badiliko lolote. Jirani alikoroga kikombe cha pili. Katikati ya kikombe hicho yaya alikunja uso, kama mtu aliyeonja kitu asichokipenda, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Ni tamu mingi."

Nikazima simu. Ndipo nilipogundua nalia.

Jirani alisimamisha boda barabarani, tukaipanda watatu pamoja na dereva, yaya katikati, kichwa chake begani mwa dereva na mikono yangu ikimzunguka. Kliniki walimtoboa kidole mara moja. Muuguzi aliangalia kifaa, akakitikisa, akatoboa kidole kingine. Sukari ilikuwa mbili nukta nne, na hiyo ni baada ya vikombe viwili. Akasema kwamba mtu wa kawaida hatakiwi kushuka chini ya nne, na kwamba tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Akamtundikia dripu. Alipoanza kuuliza maswali, aliniuliza mimi, na kila swali lilikuwa na jibu nililolijua. Vidonge anameza? Ndiyo. Amekula? Hapana. Amefanya kazi nzito? Nikasema amefanya mazoezi, mara mbili. Akaandika, akatupa barua tuipeleke Mbarara bila kungoja siku ya randevu.

Keshokutwa yake tulikuwa mbele ya daktari. Ni mtu wa Mbarara, kijana bado, na Kiswahili chake ni kile cha kujifunzia kazini, lakini alikuwa hafichi neno. Alisoma barua, akapima, akapima tena. Kisha akamwambia yaya jambo ambalo hatukulitarajia: sukari yake ilikuwa imeshuka kweli. Mazoezi yalikuwa yamefanya kazi. Mwili ulikuwa umeanza kusaidika, na kwa sababu hiyo vidonge vilevile, bila chakula, vilikuwa vimegeuka kuwa vingi mno.

"Lakini nyabo," akamwuliza, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "kula uliacha kwa nini?"

Yaya akamweleza habari ya mia sita hamsini na tisa. Alieleza vizuri, bila kukosea namba hata moja: kilo zake, kilo za mwanamke wa video, sahani ya ugali, zile elfu saba na mia saba. Daktari alisikiliza akiwa ameweka kalamu chini.

"Hii namba nani alikupatia?"

"Ni mimi mwenyewe," yaya akasema. "Niliona kwa telefone."

Alisema haraka, bila kunitazama.

Daktari akamwomba asimame afanye mazoezi yake palepale, kama anavyofanya nyumbani. Yaya aliona haya, lakini akafanya, katikati ya meza na kitanda cha wagonjwa, viatu mkononi. Baada ya dakika mbili daktari alimshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo. Akasema namba ya kwenye simu ni ya kukisia, na imekisiwa kwa mtu mwingine, mwenye mwili mwingine, anayeruka bila kusimama. Huenda hata kwa huyo si kweli.

"Yako ni ngapi? Mimi pia hapana jua," alisema. "Labda nusu. Labda chini ya nusu. Wewe sahau namba. Ukicheza unaweza ongea lakini kuimba unashindwa, hiyo imetosha. Na kwanza unakula, halafu dawa, halafu kucheza."

Alipunguza vidonge kwa nusu. Sindano, akasema, hapana kwa sasa.

Tulikaa kwenye benchi nje ya dirisha la dawa tukingoja kuitwa. Yaya alikuwa na moyo mwepesi, alikuwa amefumba macho na kuelekeza uso juani. Nilijua kwamba nikinyamaza hapo, nitanyamaza daima, na yeye atafurahi, na hakuna atakayejua.

"Yaya," nilisema, "nilijua ile namba si ya kweli."

Hakufungua macho. "Wakati gani?"

"Kabla ya mizani. Nilikutazama nikiwa na saa. Ulicheza dakika ishirini na mbili. Na pale kliniki nilipokuambia unakula sana, nilikuwa najua kwamba tatizo ni hesabu yangu."

Alifungua macho. Akanitazama, nami nikatamani apige kelele, anitukane mbele ya watu wote waliokuwa pale.

"Mi nilikuwa nakuamini kuliko dakitari," alisema.

Wakaita jina lake dirishani. Aliinuka akaenda kuchukua dawa. Aliporudi alikuwa amenunua ndizi mbivu kwa mama mmoja getini, akala mbili, mimi nikiwa pembeni, hakunigawia. Mpaka tunashuka garini Rwekubo, karibu na kambi, hakunisemesha.

Wiki mbili zilizofuata tuliamkiana tu. Aliacha mazoezi, nikaogopa ameacha kabisa kwa sababu yangu. Nilipika asubuhi, nikaweka sahani mbele yake, nikakaa mpaka alipomaliza, hata nilipokuwa nimechelewa shule. Siku mbili alikataa kula mpaka nilipoondoka, na jirani akaniambia baadaye kwamba alikula kwake.

Kisha Jumamosi moja nikamsikia anasukuma kitanda. Nilichungulia. Alikuwa amejifunga kikwembe na simu iko kwenye sufuria.

"Ingia," alisema. "Leo na wewe utaruka. Hakuna kukaa pembeni na saa."

Nikaruka. Mimi ni mwembamba, na nilidhani nitamaliza bila shida. Dakika ya saba nilikaa sakafuni, kifua kinawaka, na yaya akaendelea na visigino vyake, akiongea na mimi wakati wote, akinieleza habari za sokoni, za nani amesafirishwa kuhamia ng'ambo na nani amekataliwa. Alifika mwisho. Namba ilisimama kwenye mia nne na kumi na mbili na hakuna aliyeitazama.

Sasa jirani naye huja Jumamosi, na chumba hakitutoshi. Kwenye randevu iliyofuata yaya alikuwa na kilo themanini na tisa, na daktari aliviacha vidonge vilevile vya nusu. Akiwa na swali la ugonjwa wake, anavuka ukuta kwenda kumwuliza jirani. Mimi huniuliza mambo mengine, mita ngapi za kitambaa zinatosha gauni, saa ngapi Mbarara wanafungua. Nikimjibu la kitambaa, huchukua kamba yake ya kupimia akahakikisha mwenyewe, hapohapo mbele yangu. Sijamwambia aache.